UZI: Rolakosta za chuma za mporomoko wa wima, tuache kuhesabu nyuzi peke yake

#1 KaniWima

Wakuu,

Kila tukijadili rolakosta za mporomoko wa wima, yaani treni za burudani zinazodondoka kwenye reli iliyosimama wima, tunaishia kwenye namba moja: nyuzi za mwinamo wa reli. Hii ina 90, ile 97, ile ya Japani 121, basi ya 121 ndiyo kiboko yao. Napinga. Kati ya namba zote zinazobandikwa getini, nyuzi ndiyo inayosema machache. Ukitaka kuijua rolakosta, uliza mporomoko una mita ngapi, treni inaachiwaje pale ukingoni, na mkunjo wa chini, pale reli inapogeuka kutoka wima kwenda tambarare, una nusu kipenyo gani.

Tuanze na nyuzi zenyewe. Oblivion ya Alton Towers, Uingereza, ndiyo ya kwanza ya aina hii kutoka kwa Bolliger & Mabillard wa Uswisi, na ilifunguliwa Machi 1998. Inaporomoka mita 55 kwa nyuzi 87.5 na kuzama kwenye shimo ardhini. Watu huiponda kwa kuwa haikufika 90. Chukua kikokotoo: sini ya 87.5 ni 0.999. Maana yake treni inavutwa kwenda chini kwa asilimia 99.9 ya mvutano wa dunia, na kinachobaki kukukandamiza kitini ni kama asilimia 4 ya uzito wako. Hakuna mwili unaoweza kutofautisha hilo na 90 kamili.

Sasa geukia upande wa pili. Takabisha ya Fuji-Q Highland, Japani, iliyojengwa na Gerstlauer wa Ujerumani mwaka 2011, ina nyuzi 121. Reli imepita wima na kurudi ndani kwa nyuzi 31. Kosini ya 31 ni 0.857, kwa hiyo kwenye kipande hicho gari linaongeza mwendo kwa asilimia 86 tu ya mvutano, pungufu ya Oblivion! Kilichoongezeka ni kingine: sini ya 31 ni 0.515, kwa hiyo nusu ya uzito wako inabebwa na kizuizi kinachokushika, na nusu ya uzito wa gari inaning'inia kwenye magurudumu ya chini ya reli. Ni hisia kali, sikatai, lakini ni ya kuning'inizwa. Kuanguka kwenyewe kumepungua.

Mwendo wa treni ikifika chini hauzijui nyuzi kabisa, unazijua mita. Zidisha 2 kwa 9.81 kwa mita za mporomoko, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mita kwa sekunde; lizidishe kwa 3.6 upate km kwa saa. Linganisha na zinazotangazwa:

SheiKra, Busch Gardens Tampa, 2005: mita 61. Hesabu inatoa km 125 kwa saa, tangazo linasema 113.
Valravn, Cedar Point, 2016: mita 65. Hesabu 129, tangazo 121.
Yukon Striker, Canada's Wonderland, 2019: mita 75. Hesabu 138, tangazo 130.

Pengo la asilimia 6 hadi 9 ndilo linaloliwa na upepo na msuguano wa magurudumu. Ukiona mahali pametangazwa mwendo unaozidi hesabu hiyo, na treni haikusukumwa na mota yoyote, jua kuna aliyeongeza chumvi.

---

#2 Njia87

Mkuu KaniWima, asante kwa hesabu. Swali: kwa nini treni za Bolliger & Mabillard za aina hii ni pana hivyo, watu 8 au 10 kwenye safu moja, halafu safu 2 au 3 tu? Si wangeweka treni ya kawaida ya magari 7, wapakie watu wengi zaidi?

---

#3 KaniWima

@Njia87 Treni ndefu haiwezi kukaa ukingoni. Ifikirie kama uzito mmoja uliotandazwa juu ya reli. Gari la kwanza likishaingia kwenye wima huku mengine sita yako kwenye tambarare, uzito ulioning'inia mbele unavuta na mzigo wote unabaki kwenye kifaa cha kushikilia. Na ukiiachia, gari la mbele linaanza kushuka kwa mwendo wa konokono ilhali la mwisho linafika ukingoni likiwa tayari limeshachukua kasi kubwa. Pale juu mkunjo ni mdogo sana, kwa hiyo abiria wa nyuma angerushwa nje ya kiti kwa kani ambayo hakuna mhandisi angeisaini.

Ukifupisha treni na kuipanua, karibu kila mtu anapita ukingo kwa mwendo unaokaribiana. Ndiyo maana Oblivion ina safu 2 za watu 8, SheiKra na Valravn safu 3 za watu 8, na Griffon ya Busch Gardens Williamsburg (2007) safu 3 za watu 10. Gerstlauer kwa rolakosta zake za zaidi ya wima alikwenda mbali zaidi: gari moja moja, safu 2 za watu 4. Vild-Svinet ya BonBon-Land, Denmark, ya mwaka 2003 na nyuzi 97, ndiyo iliyofungua njia hiyo.

Upana nao una gharama yake. Viti vya pembeni viko nje kabisa ya reli, kwa hiyo treni inapojiviringisha vinasafiri kwenye duara kubwa kuliko vya katikati. Mhandisi analazimika kupunguza kasi ya kuviringisha, la sivyo wa pembeni watapigwa vichwa. Ndiyo sababu miviringo ya rolakosta hizi inaonekana mizito, ya taratibu. Wanaoita hilo udhaifu hawajatazama kilicho upande wa pili wa mizani.

---

#4 Njia87

Na kile kitendo cha kusimama ukingoni sekunde 3 hadi 5, ni breki?

---

#5 Bloku4

Naomba nilijibu hili, maana picha nyingi zinapotosha.

Treni ikitoka kwenye mnyororo wa kupandishia, inapita tambarare fupi yenye kona, kisha inadakwa na mnyororo wa pili ulio karibu na ukingo. Huo wa pili hauipandishi popote. Kazi yake ni kuipunguza mwendo, kuisogeza polepole hadi safu ya mbele ipite ukingo, kuisimamisha, halafu kuiachia. Chini ya treni kuna ulimi wa chuma unaoingia kwenye mnyororo huo.

Kwa nini isiwe breki ya kawaida ya pedi? Pedi inashika kwa msuguano, na msuguano unabadilika kukiwa na mvua, pedi zikiisha, au pakidondoka mafuta. Ukingoni kitu kinachoshika "vizuri" hakitoshi. Unahitaji chuma kimeingia ndani ya chuma, na treni isimame mahali palepale kila mzunguko. Sentimita 50 mbele au nyuma zinabadilisha mzigo wote.

Halafu kuna jambo la bloku. Reli nzima imegawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Mwisho wa kila kipande lazima kuwe na kifaa kinachoweza kuisimamisha treni kabisa: stesheni, mnyororo, breki za katikati, breki za mwisho. Ukitaka kuendesha treni 3, uwe na bloku zisizopungua 4, maana lazima ibaki moja tupu ya kusogelea. Treni haiachiwi kwenda chini mpaka vihisi vithibitishe kwamba breki za katikati hazina treni. Ikishaachiwa, hakuna wa kuirudisha.

SheiKra inaonyesha vizuri thamani ya breki za katikati. Treni inapunguzwa pale karibu kusimama, kisha inaporomoka mara ya pili mita 42 kuingia kwenye handaki. Kipande ambacho kwenye rolakosta nyingi ni cha usalama tu, hapo kimegeuzwa kuwa mporomoko mwingine.

---

#6 Bloku4

Naongeza, kwa sababu kuna watu humu huwa wanaandika kwamba "kompyuta ikisimamisha treni bila sababu, fundi anabonyeza anaendelea". Tafadhali tusieneze hilo.

Tarehe 2 Juni 2015, The Smiler, palepale Alton Towers, treni tupu ya majaribio ilikosa mwendo ikakwama njiani. Kompyuta ikafanya kazi yake: ikaisimamisha treni yenye abiria 16 kwenye mnyororo wa kupandishia. Mafundi hawakujua kama kuna treni mbele, wakadhani mfumo umekosea, wakaupita kwa mkono. Treni ikaachiwa ikaigonga iliyokwama. Watu walijeruhiwa vibaya, wawili walipoteza mguu, na mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5.

Hakuna kipuri kilichovunjika siku ile. Kilichokosekana ni utaratibu: kabla hujaondoa zuio la bloku, hesabu treni kwa macho, moja moja, na watu wawili tofauti watie sahihi kwamba idadi imetimia. Zikiwa 5 kwenye reli, uone 5. Ukiona 4, unasimama.

---

#7 Bi_Mizani

KaniWima amesema kweli kuhusu nyuzi, ila ameupita haraka mkunjo wa chini, na mimi naona ndiko rolakosta inakojulikana kama imechorwa na mtu anayejua.

Kanuni ni mraba wa mwendo gawanya kwa nusu kipenyo. Chukua treni inayofika chini na mita 31.4 kwa sekunde, ambazo ni km 113 kwa saa. Ukitaka abiria apate G 4 chini kabisa, yaani ahisi mara nne ya uzito wake, G 1 ni ya dunia yenyewe, zinabaki 3 za kutoka kwenye mkunjo. 31.4 mara 31.4 ni karibu 986. Gawanya kwa 29.4 (yaani 3 mara 9.81) unapata nusu kipenyo cha mita 33.5. Hicho ni kikubwa, kinakula ardhi na chuma.

Mwenye kiwanja kidogo anashawishika kukaza. Tower of Terror ya Gold Reef City, Johannesburg, iliyofunguliwa 2001, inadondosha gari kwenye shimo la mgodi, na inatangazwa kwa G 6.3. Kwa gari linalofika chini na mita 26 kwa sekunde, G 6.3 inahitaji nusu kipenyo cha mita 13 hivi. Uone tofauti: mwendo mdogo kuliko wa SheiKra, lakini mwili unapigwa zaidi, kwa sababu tu mkunjo umebanwa.

Cha pili ni muda. G 6 kwa sehemu ndogo ya sekunde unatoka umeshtuka. G 4 ikikaa sekunde kadhaa damu inaanza kuukimbia ubongo, na macho yanaingia ukungu. Ndiyo maana viwango vya usanifu wa mashine za burudani, ASTM F2291 na EN 13814, haviweki kikomo kimoja, vinaweka mstari wa kani dhidi ya muda.

Cha tatu, mkunjo mzuri hauanzi ghafla. Ukitoka kwenye reli iliyonyooka ukaingia moja kwa moja kwenye duara la mita 33, kani inaruka kutoka 0 hadi 3 kwa mpigo mmoja na shingo ndiyo inayolipa. Nusu kipenyo lazima kianze kikubwa, kipungue taratibu, kisha kiongezeke tena wakati wa kutoka. Rolakosta mbili zinaweza kuwa na mita zilezile, nyuzi zilezile, G zilezile za juu kabisa, na moja ikawa laini na nyingine ikakuumiza mgongo. Tofauti imo humo.

---

#8 KaniWima

@Bi_Mizani nakubali bila kipingamizi. Na baada ya mkunjo, wengi huendelea na nusu kitanzi chenye kujiviringisha kileleni ili treni igeukie ilikotoka. SheiKra, Griffon na Valravn zote zina hicho. Oblivion haina, na haikuhitaji. Ilichorwa kwa ajili ya shimo lile peke yake.

---

#9 FundiGurudumu

Wakuu, mmeongea G na bloku, sasa tushuke kwenye kinachoguswa na reli.

Kila kibeba-magurudumu kina aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoizuia treni kucheza kushoto na kulia, na ya chini yanayoizuia kuinuka. Hayo ya chini yalipewa hataza Marekani mwaka 1919 na John Miller, na bila hayo mjadala huu usingekuwepo. Kwenye mporomoko wa nyuzi 90 magurudumu ya juu hayabebi karibu chochote. Sekunde chache baadaye, kwenye mkunjo, yanabeba mara nne ya uzito wa treni. Mabadiliko hayo, mara mamia kwa siku, ndiyo yanayoyamaliza.

Kiini cha gurudumu huwa alumini, juu yake tabaka la poliyurethani au nailoni. Nailoni ni ngumu, inapoteza nishati kidogo, treni inakimbia, lakini mtikisiko wote unamfikia abiria. Poliyurethani inapooza mtikisiko lakini kila ikibonyea na kurudi inajipasha joto. Treni nzito, siku ya jua kali, foleni haikatiki: joto linajikusanya pale tabaka liliposhikana na alumini, gundi inachoka, na tabaka linabanduka. Dalili za mapema ni povu dogo kwenye uso, mstari wa ufa ukingoni, au mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu. Ukisikia mlio huo, usingoje jioni.

Asubuhi ya baridi mambo yanageuka. Poliyurethani inakuwa ngumu na inapoteza nishati zaidi, grisi ya beringi ni nzito, na treni inafika kwenye kilima cha katikati ikiwa imechoka. Ndiyo maana treni tupu huzungushwa mara kadhaa kabla ya abiria, na baadhi ya bustani hazifungui chini ya joto fulani. Jioni ya siku hiyohiyo, beringi zikiwa zimepata moto na treni imejaa, inakimbia waziwazi zaidi. Mhandisi anachora akizingatia pande zote mbili: ile nzito ya jioni isizidi G, ile nyepesi ya asubuhi isikwame.

Na kipenyo. Gurudumu likilika milimita chache tu, kibeba kinakaa chini zaidi, na nafasi kati ya mapezi ya breki na sumaku inabadilika. Kwa hiyo usibadilishe gurudumu moja ukaacha mwenzake wa upande wa pili lililolika. Panga kwa jozi, pima, andika.

---

#10 Njia87

Hapo kwenye sumaku, mkuu. Breki za sumaku zinashikaje bila kugusa? Na kwa nini mwishoni bado nasikia breki za hewa?

---

#11 FundiGurudumu

Pezi la shaba au alumini linapita katikati ya safu mbili za sumaku za kudumu. Likipita, umeme unazunguka ndani ya pezi, na umeme huo unatengeneza usumaku unaopinga mwendo. Hakuna pedi, hakuna kompresa, hakuna waya. Umeme wa bustani ukikatika, breki inafanya kazi vilevile, na mvua haiigusi.

Shida yake ni kwamba nguvu ya kushika inatokana na mwendo wenyewe. Treni ikipunguza, breki nayo inalegea. Ikikaribia kusimama, inashika karibu na bure, kwa hiyo haiwezi kuikamilisha kazi. Ndipo zinapoingia breki za pedi, au matairi ya mota yanayoikamata na kuisukuma hadi stesheni. Kwenye hizo za pedi, muundo salama ni springi inafunga na hewa inafungua. Bomba likipasuka, breki inafunga yenyewe. Muundo wa kinyume chake haufai kuwa breki ya bloku.

Kuhusu joto, watu huogopa bila hesabu. Treni ya tani 10 ikiingia kwenye breki na mita 15 kwa sekunde ina nishati ya megajuli 1.1 hivi. Mapezi ya alumini yenye jumla ya kilo 200 yakiimeza yote, yanapanda joto nyuzi 6 tu. Tatizo linakuja treni zikifuatana haraka na mapezi yakakosa muda wa kupoa: alumini ya moto inapitisha umeme kwa shida zaidi, na nguvu ya kushika inabadilika. Kwa hiyo yakiwa yamefungwa kwenye reli, acha upepo uyapite; usiyafunike kwa mabati ya mapambo.

---

#12 Bi_Mizani

Naomba nisahihishe dhana moja inayozunguka kuhusu maji. Kwenye SheiKra na Griffon, lile bwawa karibu na mwisho watu huliita "breki ya maji". Treni haizami. Kuna vijiko viwili nyuma ya treni vinavyogusa uso wa maji na kuyarusha juu kama mabawa. Mwendo unapungua kidogo, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeutegemea mpunguo huo kwa usalama, kwa sababu kina cha maji kinabadilika na bwawa linaweza kukaushwa. Breki halisi ziko mbele yake.

---

#13 MtazamaReli

Mimi ni wa chuma na weldi. Naongeza yangu.

Nguzo na reli hazivunjiki kwa mzigo mkubwa wa siku moja. Zinachoshwa na mzigo wa kawaida unaorudi mara milioni. Ufa huanza pale kani inapokusanyika: ukingo wa weldi, tundu la bolti, pembe iliyokatwa bila kulainishwa. Kwenye rolakosta hizi macho yangu yanaenda kwanza kwenye viungio vya reli vya mkunjo wa chini, kisha nguzo zinazopokea msukumo wa pembeni mara tu baada ya mkunjo, kisha fremu ya mnyororo wa ukingoni ambayo wengi wanaisahau.

Bolti zikishakazwa kwa kipimo, zinapigwa mstari wa rangi unaovuka nati na sahani. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Ni kazi ya macho tu, na inafanywa kila asubuhi na mtu anayetembea njia nzima. Lakini bolti iliyolegea usiikaze tu ukaondoka. Itoe, maana ikishafanya kazi ikiwa imelegea, nyuzi zake za kukazia zimeshachoka.

Kwa weldi, macho hayatoshi. Rangi ya kupenya inaonyesha ufa uliofika juu. Unga wa sumaku unaonyesha na ule ulio chini kidogo ya uso, ila ni kwa chuma chenye kushika sumaku. Mawimbi ya sauti yanafika ndani kabisa. Rangi ya nguzo lazima ikwanguliwe pale panapopimwa kwa rangi ya kupenya. Anayepima juu ya rangi ya mapambo anapima rangi.

Fury 325 ya Carowinds, Marekani, siyo ya mporomoko wa wima lakini ni ya chuma na ya Bolliger & Mabillard vilevile. Tarehe 30 Juni 2023 mgeni aliyekuwa akitazama kutoka chini ndiye aliyeona nguzo imekatika kabisa sehemu ya juu, na reli ikisogea treni ilipopita. Ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, ikafunguliwa tena Agosti. Kwangu somo ni kuhusu pembe ya kutazamia: mkaguzi anayepita njia ileile, upande uleule kila siku, ana upande ambao haujawahi kuonwa. Badilisha upande, tumia darubini, tazama treni ikiwa inapita. Ufa uliofungika treni ikiwa haipo hufunguka mzigo ukija.

---

#14 Njia87

Nashukuru sana wakuu. Mbili za mwisho. Kwa anayepanda, safu ipi? Na treni ikikwama bondeni katikati ya njia, inatolewaje?

---

#15 KaniWima

Safu ya mbele ni ya ukingo. Unaning'inia juu ya utupu sekunde zote za kusubiri, na unaingia mporomokoni kwa mwendo mdogo kabisa. Safu ya nyuma ni ya mvuto. Wakati unafika ukingoni, kitovu cha treni kimeshashuka. Kikiwa kimeshuka mita 3 tu, unapita mkunjo wa juu na km 28 kwa saa, na unainuliwa kitini kwa nguvu. Ya katikati ndiyo laini kuliko zote. Viti vya pembeni ni vya wanaotaka kuhisi kuviringishwa, vya ndani ni vya wenye shingo zenye matatizo.

Miwani, kofia na simu viache stesheni hata kama mhudumu hakusema. Kitu kilichodondoka mfukoni kwenye km 120 kwa saa kinamfikia wa nyuma kikiwa jiwe. Kichwa kiegemeze nyuma kabla ya mkunjo wa chini, siyo wakati wa mkunjo. Na kimo cha chini usikibishie mlangoni: Oblivion ni sentimita 140, SheiKra 137, na namba hizo zinatokana na jinsi kizuizi kinavyoshika bega na paja. Ukubwa wa mwili hupimwa vivyo hivyo. Kihisi kisipoona kizuizi kimefika kiwango cha chini, treni haitoki.

---

#16 Bloku4

Kuhusu kukwama bondeni.

Kwanza treni inafungwa kwenye reli kwa mikanda ya mzigo au minyororo, mbele na nyuma, kabla ya mtu yeyote kupanda juu yake. Treni iliyotulia bondeni bado inaweza kusogea ikipungukiwa uzito upande mmoja, na hapo mguu wa muokoaji uko kati ya gurudumu na reli. Pili, vizuizi havifunguliwi vyote kwa pamoja. Kila abiria anavalishwa mkanda wa kuokolea uliofungwa kwenye kitu kisichokuwa treni, kisha kizuizi chake peke yake kinafunguliwa kwa mkono, anashushwa, ndipo wa pili. Kwenye safu ya watu 8 anza na wa pembeni kwa zamu, kushoto na kulia, ili treni isiegemee upande mmoja. Kama haina sakafu, jukwaa la kuinulia linaletwa chini ya miguu kwanza.

Abiria wakishatoka, treni inavutwa kwa winchi hadi kwenye mwinuko ulio juu kuliko kilima kilichoishinda, ikaachiwa tupu na kufuatwa na macho hadi breki. Ikiwa bonde halina mwinuko wa kutosha, inafunguliwa gari kwa gari na kushushwa kwa kreni.

Kuirudisha kwenye kazi siku hiyohiyo ni hapana, mpaka ijulikane ilipoteza wapi mwendo. Zungusha kila gurudumu kwa mkono usikilize beringi. Pima nafasi za mapezi, maana pezi lililopinda milimita chache linaweza kuwa lilikuwa linasugua njia nzima. Angalia kama breki ya kupunguza mwendo ilibaki imefunga baada ya treni iliyotangulia. Soma kumbukumbu za vihisi: muda kati ya kihisi na kihisi wa mizunguko 20 iliyopita utaonyesha kama mwendo ulikuwa unashuka taratibu au ulikatika ghafla. Ukishuka taratibu, tafuta kwenye magurudumu. Ukikatika ghafla, tafuta kwenye breki au upepo. Kisha treni inajazwa mifuko ya maji yenye uzito wa abiria, inazungushwa ikiwa tupu na ikiwa imejaa, na namba zinalinganishwa na za siku ilipokabidhiwa na mtengenezaji.

---

#17 MtazamaReli

Na mkitumia winchi, kagueni pale ndoano iliposhika. Treni imechorwa kuvutwa kwenye sehemu maalumu ya fremu, siyo kwenye ekseli. Sehemu hiyo ipimwe kwa unga wa sumaku kabla ya abiria kurudi.

---

#18 Njia87

Nimeelewa. Nahifadhi uzi.